Deni kwa Kiongozi Asiyejua

Mvuvi wa mashua ndogo aliyevuka mwamba na kuingia kina kirefu cha Mkondo wa Pemba hatazami maji kwanza, hutazama juu. Bahari ni pana, na uso wake haumwambii kitu. Ndege ndio wamwambiao. Buabua mmoja arukaye chini chini kwa mstari ulionyooka ana safari yake, na si busara kumfuata. Wachache wanaozunguka juu huku wameinamisha vichwa wameona kitu ambacho bado hakijapanda. Lakini kundi likijirusha majini kwa makelele, likainuka, likajirusha tena, hapo hapana la kuuliza: dagaa wamebanwa, na chini ya dagaa wapo sehewa au jodari wanaowabana. Samaki wakubwa huwasukuma wadogo juu. Wadogo hujikusanya wakawa tufe moja linalong'aa. Ndege huwapokea kwa juu. Dagaa hawana pa kukimbilia. Mvuvi naye hufika akiwa wa mwisho katika karamu ambayo hakualikwa, akatoa mshipi wake na kuurambaza pembeni.

Akipata, anadaiwa nini, na nani?

Jibu la haraka ni kwamba hadaiwi kitu. Ndege hakumwita. Ndege alikuwa akitafuta riziki yake, na mwenye macho akaona. Hata lugha inaonekana kumtetea mvuvi huyu, kwa kuwa Kiswahili kimetenga maneno mawili ambayo watu wengi siku hizi huyachanganya. Ishara hutolewa: mtu hupunga mkono, hukonyeza jicho, huwasha taa, akikusudia mwingine aelewe. Dalili haitolewi na mtu, ipo tu. Wingu jeusi ni dalili ya mvua, wala hakuna aliyepata kulishukuru wingu. Kwa hesabu hii buabua aliye juu ya dagaa ni dalili, na dalili haina mwenyewe. Aliyeisoma kaisoma kwa akili yake.

Hoja hii ina nguvu, lakini inakwenda mbio mno. Yupo nchi kavu ndege ambaye hutoa ishara hasa, naye ni mlembe, yule aongozaye watu kwenye nyuki. Huja karibu na mtu, hulia, huruka mti kwa mti, hungoja. Katika misitu ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio maalumu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mlio huo humfanya mlembe aongoze mara nyingi zaidi kuliko sauti nyingine. Asali ikipatikana, Wayao humtengea nta yake. Wahadzabe wa Tanzania nao huongozwa na ndege huyo huyo, lakini watafiti walieleza mwaka 2014 kwamba mara nyingi masega yaliyobaki huchomwa au kufukiwa, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Basi hata pale ambapo kuna ishara, kuna nia na kuna mapatano ya kale, malipo hayaji yenyewe. Na ikiwa nia ya kiongozi haitoshi kuleta deni kwa wote, yafaa kuuliza kama kukosekana kwa nia kwatosha kulifuta.

Tofauti ya buabua na wingu haimo katika nia. Wingu halina njaa. Wingu halipungukiwi na chochote mtu akilitazama, na mvua ikinyesha halikosi fungu lake. Buabua ana maslahi katika jambo lile lile analomwonyesha mvuvi. Yule mwenye mgongo mweusi, ambaye huzaa kwa makundi makubwa katika visiwa vya Ushelisheli, ni maskini kuliko anavyodhaniwa na wanaomwona akipaa. Manyoya yake hayahimili maji kwa muda mrefu, hivyo hawezi kukaa juu ya bahari kama bata. Huokota chakula chake usoni pa maji huku akiruka. Asiposukumiwa dagaa na jodari kutoka chini, bahari iliyojaa samaki ni jangwa kwake. Wachanga wake wakishaondoka kisiwani hupita miaka kadhaa kabla ya kurudi nchi kavu kuzaa. Kiumbe huyu hategemei bahari kwa jumla. Anategemea dakika chache za msukosuko, mahali ambapo hapana alama yoyote ila yeye mwenyewe. Mvuvi afikapo, huingia ndani ya dakika hizo.

Hapa ndipo inapofaa kuitazama desturi moja ya kazi hii, ambayo wazee hawaiiti maadili wala hawaipi jina. Mashua haipiti katikati ya kundi. Nahodha hupunguza mwendo akiwa mbali, huzunguka, huangalia dagaa wanaelekea wapi, kisha hupitisha mshipi ukingoni. Kijana mwenye pupa akiichoma mashua katikati, samaki huzama, dagaa hutawanyika, ndege hutimka, na kila mmoja, pamoja na yeye, hukosa. Akiwapo mzee ndani ya chombo, atakemewa kwa maneno ambayo hayafai kuchapishwa.

Je, hii ni adabu au ni hila? Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitoa mfano wa muuza duka asiyempunja mtoto aliyetumwa kununua. Muuza duka huyu ni mwaminifu, lakini uaminifu unamlipa: wateja humwamini na kurudi. Kant akakataa kukihesabu kitendo hicho kuwa cha maadili, maana kilichokisukuma ni faida. Kwa kipimo hicho nahodha anayelizunguka kundi hastahili sifa. Ila kipimo hicho, pamoja na ukali wake, kina upofu wake. Adabu nyingi za watu zilizaliwa na haja. Mgeni hupewa maji kwa sababu kesho mwenyeji naye atakuwa safarini. Tabia ikikaa mkononi miaka hamsini haiulizi tena faida. Huwa ni namna ya mtu kuwa mtu. Kwa hiyo swali la Kant haliwezi kujibiwa kwa kumtazama nahodha katika siku za kawaida. Lazima ije siku ambayo adabu haina faida tena.

Siku hiyo imekwisha kuja, na ilianzia mbali na pwani. Meli kubwa za nyavu za kuzungushia kutoka Ulaya ziliingia magharibi mwa Bahari ya Hindi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nazo zilitafuta ndege, lakini si kwa macho: zilifunga rada zenye nguvu ya kuona kundi la ndege lililo mbali kuliko upeo wa jicho. Kisha zikaona hata hao ndege si wa lazima. Samaki wa bahari kuu hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea, gogo kwa mfano. Basi yakatengenezwa magogo ya bandia, vyelezo vyenye maboya yanayotuma habari kwa setilaiti na kupima wingi wa samaki walio chini. Kuanzia mwaka 2020 kila meli iliruhusiwa maboya 300 yanayofanya kazi kwa wakati mmoja. Mwezi wa Februari 2023, mjini Mombasa, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilipitisha azimio la kusimamisha uvuvi wa vyelezo hivyo kwa siku 72 kila mwaka. Wanachama waliolipinga wakawa wengi, Umoja wa Ulaya ukiwamo, hata azimio likakosa nguvu.

Chelezo hakidai adabu. Hakina njaa, hakitimki, hakikosi fungu. Ni wingu lililotengenezwa kiwandani, na mwenye kulisoma hukaa mbele ya kioo, mbali na maji. Wavu ukizungushwa huchukua vyote vilivyokuwa chini, pamoja na jodari wachanga ambao wangewasukumia buabua dagaa wa miaka ijayo.

Ni rahisi, baada ya kusema hayo, kumsifu mvuvi wa ngalawa kana kwamba udogo wa chombo ni utakatifu. Si hivyo. Mtu asiye na wavu mkubwa hajazuia tamaa yake. Hajapata tu nafasi. Mizani yake iko mahali pengine, pale ambapo yeye ndiye mwenye nguvu.

Kusini mashariki mwa Unguja, zaidi ya kilomita 60 baharini, kuna kisiwa kidogo tupu kiitwacho Fungu Kizimkazi, ambacho ramani za Waingereza zilikiita Latham. Hakina mti wala maji ya kunywa. Ndege wa baharini huzaa hapo juu ya ardhi, wakiwamo buabua wenye mgongo mweusi, na wavuvi huteremka humo. Pale hakuna kundi la kuzungukwa kwa hofu ya kukosa samaki. Mayai yako miguuni, na mama zao wanapiga kelele juu ya vichwa kwa sauti ile ile ambayo, kilomita kadhaa kutoka hapo, ilikuwa habari njema. Hakuna mlinzi anayeonekana. Mwenye kuinama akaokota hatapungukiwa na kitu kesho, wala mwakani; buabua wakubwa bado watakuwa baharini na mshipi wake utaendelea kupata. Buabua huyu hutaga yai moja tu. Aliyemo ndani yake angehitaji miaka kadhaa kabla ya kurudi kuzaa kisiwani, na huenda wakati huo aliyeinama ameshauza mashua yake na mwingine ndiye anayetazama juu.