Sanduku Limejaa



Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuoni, mtu aliyekwisha pita miaka sitini, anaiacha milango ya fiqhi aliyoizoea na kushika kalamu kuandika habari za mifuko ya plastiki. Lakini maswali ya haki na batili hayakai vitabuni peke yake. Huingia jikoni na dukani, na mara nyingine humkuta mtu chumbani kwake, amepiga goti juu ya sanduku la safari, analisukuma kifuniko nalo halitaki kufunga. Mimi swali langu lilinikuta hapo, na nimelileta mbele yenu kwa sababu naamini si langu peke yangu.

Mwaka 2022 nilialikwa Maskati kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Siku mbili kabla ya kuondoka Unguja nilikuwa nimekwisha panga vitu vyangu, na sanduku lilikuwa limejaa kweli kweli. Asubuhi, baada ya chai, ikapigwa hodi. Alikuwa jirani yetu, mjane mtu mzima, ambaye nyumba yake na yangu zimegawana ukuta mmoja. Binti yake ameolewa huko huko Maskati, na wakati ule alikuwa ndio kwanza amejifungua, hajatoka arubaini. Bibi yule alishika kanga zake mbili kuukuu, zilizofuliwa miaka mingi hata zikalainika, akaniambia, "Maalim, nakuomba unifikishie hizi kwa mwanangu amfungie mtoto. Kanga mpya hakosi, lakini mpya ni ngumu, zitamkwaruza."

Nikalitazama sanduku, nikamjibu, "Niwie radhi, Bi mkubwa, sanduku limejaa. Lau ningekuwa na nafasi ningezichukua kwa mikono miwili." Akasema, "Hapana neno, Maalim. Mwenyezi Mungu akufikishe salama." Akazikunja kanga zake, akarudi kwake.

Jioni ya siku ile ile akaja mjukuu wangu wa kike. Alipoliona sanduku akacheka, akasema, "Babu, hivi ndivyo mnavyopanga nyinyi? Ngoja nikupangie." Akatoa mifuko ya plastiki ya kuonya, ile yenye mdomo wa kubana. Mdomo wake upande mmoja una mlia ulioinuka na upande wa pili una mfuo. Ukipitisha vidole ukabonyeza, mlia huingia katika mfuo vikashikana, na hewa haipiti tena. Wamarekani waliianza kuiuza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kuwekea vyakula, na wasafiri wakaona kuwa inafaa hata kwa nguo.

Na kazi yake si uchawi. Nguo ya pamba iliyokunjwa hubeba hewa nyingi katikati ya mikunjo yake, na hewa hiyo ndiyo inayolijaza sanduku. Mjukuu wangu aliikunja kanzu, akaitia mfukoni, akaubana mdomo akaacha upenyo wa vidole viwili pembeni. Kisha akaanza kuukunja mfuko kutoka chini kama mtu anayekunja mkeka, akiukandamiza kwa goti, mpaka hewa yote ikatokea kwenye ule upenyo, ndipo akaufunga. Kanzu iliyokuwa nene kama mto ikawa bapa kama kitabu. Akanihadharisha kuwa nguo lazima iwe imekauka sawasawa, kwani ukiifungia nguo yenye unyevu, na hali ya hewa ya pwani mwaijua, utaikuta ina ukungu na harufu. Viatu akavitia mfuko wao, na manukato na mafuta mfuko mwingine ili chupa ikivuja isiharibu nguo. Nikaona hapo faida kwa wanaokwenda Hija au Umra, kwani aliyehirimia haruhusiwi kujipaka manukato, na ni vyema nguo zake za ihramu zisikae pamoja na chupa ya udi.

Alipomaliza, karibu theluthi ya sanduku ilikuwa tupu. Lakini tulipoliweka kwenye mizani, lilisoma kilo 19 kama lilivyosoma mwanzo. Mfuko huondoa hewa, hauondoi uzito. Na tiketi yangu ilikuwa inaruhusu kilo 30.

Sasa, ndugu yangu, nilifanya nini na nafasi ile? Niliongeza kanzu mbili, nikaongeza juba, viatu vya pili na vitabu vitatu. Likafika kilo 24. Kanga zote mbili hazikufika hata kilo moja. Bibi alikuwa ng'ambo ya ukuta, na ilikuwa imebakia siku nzima na zaidi kabla ya safari. Wala sikumkumbuka. Au niseme kweli: nilimkumbuka mara moja, nikajiambia kuwa habari ile imekwisha, kwani nimekwisha mjibu, na yeye mwenyewe amekubali.

Siku ya tatu ya kukaa kwangu Maskati, binti yule akaja na mumewe kunitazama. Mtoto alikuwa amefungwa blanketi jipya la dukani. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za nyumbani akaniuliza, kwa sauti ya mtoto aliyemkosa mama yake, "Maalim, mama hakukupa kitu?" Nikamjibu neno lile lile nililomjibu mama yake: "Alitaka kunipa, mwanangu, lakini sanduku lilijaa." Sanduku lenyewe lilikuwa wazi pembeni ya chumba, na kanzu sita zimo ndani ya mifuko yake, nne hata hazijafunguliwa. Binti akalitazama, kisha akainamisha macho kwa adabu, akasema, "Hapana neno, Maalim. Safari ni safari."

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nilijiuliza: je, mimi nimesema uwongo? Asubuhi nilipomwambia Bibi kuwa sanduku limejaa, lilikuwa limejaa. Hapana shaka. Neno langu lilikuwa kweli saa nne ya asubuhi, na jioni lilikuwa si kweli tena, ingawa sikulisema mara ya pili ila nilipofika Maskati. Je, neno la kweli laweza kugeuka uwongo hali mwenye kulisema amenyamaza kimya?

Nimewasomesha watoto mlango wa tayammum kwa zaidi ya miaka 30. Kila mtoto wa chuo anajua kuwa aliyekosa maji akatayamamu kwa mchanga, kisha akayaona maji na hana kizuizi cha kuyatumia, naye hajaingia katika sala, basi tayammum yake imebatilika. Hawezi kusema, "Mimi nilipotayamamu maji hayakuwapo." Ni kweli hayakuwapo, lakini sasa yapo. Wanazuoni wakaweka kanuni kwamba jambo lililojuzu kwa ajili ya udhuru huondoka ruhusa yake pale udhuru unapoondoka. Basi kukosa nafasi kulikuwa ndio tayammum yangu, na mifuko ya mjukuu wangu ilikuwa ndio maji. Nikayaona maji, nikayatumia kwa haja zangu, na kwa haja ya jirani nikabakia na mchanga wangu mkononi.

Hata sheria za serikali hufuata mwendo huu, na mfano wake ni mifuko hii hii. Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu tarehe 1 Juni 2019, wageni walitangaziwa kuwa wataiacha mifuko hiyo wanapoingia nchini. Lakini kile kifuko kidogo cha kubana mdomo, ambacho viwanja vingi vya ndege vilianza kukitaka mwaka 2006 kwa ajili ya kuwekea chupa ndogo za maji maji, kiliruhusiwa. Na sababu ikatajwa: kwamba msafiri anatarajiwa kubaki nacho na kuondoka nacho, asikitupe nchini. Basi anayekitupa ufukweni hana tena ruhusa ya kushikilia, kwani sababu iliyomruhusu ameivunja kwa mkono wake mwenyewe.

Atatokea msomaji aseme: "Maalim, unajitesa bure. Sanduku ni lako na tiketi umelipia wewe. Jirani hana haki ya kukulazimisha kuchukua mzigo wake." Haya ni maneno ya sawa, wala siyapingi. Kubeba kifurushi cha mtu ni hisani, na hisani haina lazima. Lau ningemwambia, "Bi mkubwa, safari hii sichukui kitu cha mtu," asingekuwa na dai juu yangu. Lakini mimi sikumwambia sitaki. Nilimwambia siwezi, na baina ya maneno mawili haya pana tofauti kubwa. Anayesema sitaki amefunga mlango, na mwenzake anajua alipo. Anayesema siwezi amesema pia, hata kama hakutamka, kuwa lau angeweza angefanya. Nami nilitamka kabisa, nikataja na mikono miwili. Basi ile ilikuwa ni ahadi iliyofungwa kwa sharti, na sharti lilipotimia jioni, ahadi ikanidai.

Mwingine atauliza: "Je, yapasa mtu amrudie kila aliyempa udhuru, akamweleze kila hali yake inapobadilika? Nani ataweza maisha hayo?" Hilo nalo ni swali la haki, na dini yetu haikuja kumtwisha mtu asiyoyaweza. Naona mambo matatu yakikutana ndipo neno linapokudai: uwe umejua kwa yakini kuwa udhuru wako umeondoka; iwe haja ya mwenzako ingalipo; na iwe kumjulisha hakukutii katika dhiki. Mimi yote matatu yalinikuta. Ningegonga ukuta tu, angenisikia.

Ukichunguza, utaona jambo hili limeenea katika maisha yetu. Mwenye deni huambiwa tarehe 20, "Sina," na ni kweli, lakini mshahara huingia tarehe 30 na lile "sina" likaachwa liendelee kufanya kazi. Ndugu mgonjwa huambiwa, "Sina wakati wa kuja," kisha wakati ukapatikana, tukaupeleka barazani. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa staha, hatupendi kumkatalia mtu usoni, kwa hiyo tumezoea kutanguliza udhuru. Staha ni jambo jema. Lakini ikiwa udhuru ni pazia tu, na nyuma yake tunajipangia mambo yetu, basi aliyetuamini ndiye anayepata hasara.

Niliporudi Unguja nilikwenda kwa Bibi kabla sijafungua sanduku. Nikamweleza yote, mpaka hesabu ya kilo, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nimekusamehe, Maalim. Ungalipiga hodi tu, nisingelala usiku ule, ningekaa nikizikunja." Kanga zilikwenda na msafiri mwingine baada ya miezi mitatu. Mtoto alikuwa amekwisha kua, hafungwi tena vile. Msamaha nimeupata, lakini siku zile arubaini hazirudi.

Tangu siku ile nimejiwekea ada. Ninapopanga sanduku, mfuko wa kwanza kuingia huwa mtupu, nao ni wa jirani, na kilo mbili katika mizani huzihesabu si zangu. Ninapoletewa kitu hukifungua mbele ya mwenyewe, nikakitazama chote, kisha tukakifunga pamoja katika mfuko wa kuonya. Wala hapana aibu katika kufanya hivyo, kwani nchi za Ghuba ni kali sana kwa dawa za kulevya, na hata dawa nyingine za hospitali hutakiwa cheti cha daktari. Amana usiyoijua ndani yake yaweza kukutia wewe gerezani na kumtia aliyekupa katika majuto. Na asipotokea mtu mpaka usiku wa kuondoka, mimi ndiye ninayetoka kubisha hodi nikauliza.

Safari iliyopita nilipoibisha ya Bibi, aliniletea karatasi ya hiliki, haikujaza hata konzi. Nikaitia mfukoni, nikaitoa hewa, nikaifunga mbele yake.

Wabillahi tawfiq.