Siri ya akaunti ni haki ya nani?

Ijumaa moja baada ya swala, hapa mjini Moshi, tulikaa barazani tukinywa kahawa kama kawaida yetu. Kijana mmoja wa Machame, anayefanya kazi Muscat na aliyekuwa likizo, akatutolea malalamiko. Benki yake kule imempa fomu. Anatakiwa aeleze yeye ni mkazi wa nchi gani kwa mambo ya kodi, na namba yake ya mlipa kodi ni ipi. "Mzee wangu," akaniuliza, "fedha hizi nimezitolea jasho juani. Sijaiba. Huu si upelelezi ambao dini yetu imeukataza?"

Ndugu msomaji, swali hili si la kulijibu kwa pupa, na siku ile sikuwa na jibu.

Tuanze na jambo lenyewe. Mwaka 2014 shirika la OECD, lenye makao yake Paris, lilipitisha utaratibu ambao benki za nchi iliyojiunga zinatakiwa kuwatambua wateja ambao ni wakazi wa nchi nyingine kwa mambo ya kodi. Kila mwaka benki inaipa mamlaka ya kodi ya nchi yake jina la mteja huyo, anwani, namba ya akaunti, salio la mwisho wa mwaka, na faida au gawio alilopata. Mamlaka hiyo huzipeleka taarifa kwa mamlaka ya nchi anakoishi mteja, bila kuombwa. Nchi za kwanza zilianza kutumiana mwaka 2017. Leo zimepita mia moja, zikiwemo Uswisi na Falme za Kiarabu zilizoanza 2018, na Oman iliyoanza 2020. Jirani zetu wa Kenya walipangiwa kuanza 2024.

Zamani ilikuwa ni lazima uombe. Mamlaka ya kodi ilipaswa kumtaja mtu na kueleza kwa nini inamtilia shaka, ndipo ijibiwe. Lakini utamwombaje mtu ambaye hujui kwamba ana akaunti? Ulikuwa mlango uliofungwa, na ufunguo umewekwa ndani.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Ni kweli Suratul Hujurat inakataza kupelelezana na kudhaniana vibaya. Anayechungulia dirisha la jirani ili apate la kusema sokoni hana utetezi. Lakini Qur'an hiyo hiyo, katika aya yake ndefu kuliko zote, inaamrisha madeni yaandikwe na washuhudiwe, na inayofuata inakemea kuficha ushahidi. Mali katika Uislamu ina haki za watu ndani yake, na penye haki ya mtu mwingine pana ushahidi. Kwa hiyo hoja hapa ni moja: hicho kilichomo ndani ya akaunti ni jambo langu peke yangu, au kuna mwingine mwenye haki nacho?

Wapo watakaosema kodi si zaka, na serikali si Baitul Mal. Sawa. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mkazi wa Tanzania alipe kodi kwa mapato yake hata yakipatikana nje ya nchi. Na barabara ya kwenda Marangu tunapita sote, hospitali ya Mawenzi tunatibiwa sote.

Nenda Kiboriloni siku ya soko. Mama anayeuza mitumba pale hana pa kuficha. Ofisa wa kodi anaiona meza yake, anayahesabu marobota yake, anamfanyia makadirio na kumwambia lipa. Hajawahi kuuliza kama huo ni upelelezi. Faragha ya fedha, kama tunavyoililia, ni bidhaa anayeweza kuinunua mwenye nauli ya ndege. Mwenye nyumba nzuri mjini na salio nono ng'ambo anapokwepa fungu lake, pengo lile halibaki wazi. Linazibwa na yule mama.

Wazee wa huku mlimani walilijua jambo hili kabla ya benki. Mifereji inayoshuka kutoka msituni ilichimbwa na koo, na maji yake yaligawanywa kwa zamu. Kila mwenye kihamba alijua siku yake, na majirani waliijua vilevile. Aliyefungua maji usiku si zamu yake aliitwa akatozwa faini. Sijasikia aliyejitetea kwamba maji yaliyoingia shambani kwake ni siri yake. Kugawana kunahitaji kuonana. Wakati huo huo, hakuna aliyeruhusiwa kuingia ndani kuhesabu ndizi za mkungu wako. Mpaka ulikuwepo, na ulieleweka.

Tunakumbuka mwaka 2008. Habari zilipotoka kwamba Andrew Chenge, aliyekuwa Waziri wa Miundombinu, ana zaidi ya dola milioni moja katika akaunti kisiwani Jersey, yeye akaziita vijisenti, na neno likaingia katika Kiswahili chetu. Alijiuzulu uwaziri, akakana kufanya kosa, na hakutiwa hatiani. Mimi simhukumu. Nataka tuangalie habari ile ilivyotufikia: ni kwa sababu wachunguzi wa Uingereza walikuwa wakifuatilia jambo lao, biashara ya rada. Mwaka 2012 Zitto Kabwe alipeleka hoja bungeni kuhusu fedha za Watanzania zilizoko Uswisi, na Bunge likaitaka serikali ichunguze. Kila mara tunasubiri mgeni atuambie kilichomo chumbani mwetu.

Mpaka hapo mtu atadhani naushangilia utaratibu huu moja kwa moja. Sivyo.

Kwanza, unawachukua wote, mwema na mwovu, bila shaka yoyote dhidi ya yeyote. Hilo ni jambo zito. Na taarifa ikishakusanywa inaweza kuibwa. Mwaka 2019 wadukuzi waliingia katika kompyuta za mamlaka ya kodi ya Bulgaria wakachota taarifa za mamilioni ya watu, na humo zikiwemo zilizotumwa na nchi nyingine. Ni amana iliyovunjwa, na aliyeumia si mkwepa kodi peke yake.

Pili, wakubwa wamejibakizia mlango wao. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 2010 inayozitaka benki za dunia nzima ziitajie akaunti za Wamarekani, kisha yenyewe haikujiunga na utaratibu huu wa wengi. Inapokea kwa mikono miwili na inatoa kwa kidole. Na nchi maskini zinaambiwa: hampati taarifa mpaka muwe na mitambo na sheria za kutunza siri kama sisi. Sharti hilo nalielewa, baada ya Bulgaria. Lakini matokeo yake ni kwamba hadi 2024 Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi zilizoanza kutumiana taarifa hizi. Jopo la Thabo Mbeki lilisema mwaka 2015 kwamba Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka, sehemu kubwa kupitia biashara za makampuni. Bei ya uongo kwenye ankara haionekani katika salio la benki. Wala nyumba haionekani. Aliyenunua ghorofa badala ya kuweka akiba hatajwi.

Hata hivyo, kasoro hizi zote zinadai utaratibu ukazwe na amana ilindwe. Hazimpi mtu ruhusa ya kuficha.

Kijana nilimjibu siku iliyofuata. Nilimwambia ajaze fomu kwa ukweli. Yeye anaishi Oman na anafanya kazi Oman, basi taarifa zake hazina safari ya kwenda popote. Inayomhusu ni mtu anayeishi hapa Moshi na fedha zake ziko kule.

Mzee mmoja wa Shanty Town, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kama Dubai nayo imo. Nikamwambia imo, tangu 2018. Akamalizia kahawa yake, akachukua bakora, akaaga. Hakunipa hata nafasi ya kumweleza kwamba upande wa kupokea, sisi bado.