Umefikia Wapi?

Mwenyeji wa Unguja anapokutana na uso mgeni kijijini mwake, mara nyingi swali lake la mwanzo baada ya salamu si jina wala kabila. Huuliza: "Umefikia wapi?" Swali hilo si sawa na "umefika wapi", ijapokuwa baina yao pana herufi moja tu. Anayefika ametimiza safari yake. Anayefikia ameingia chini ya dari ya mtu. Kwa asili jawabu halikuwa jina la mahali, bali la mwenye mahali: nimefikia kwa fulani bin fulani, au kwa bibi fulani, nyumba ya pili kutoka msikitini. Kwa jawabu hilo mgeni alikuwa amekwisha pata dhamana. Akikosea, palikuwa na mtu wa kuulizwa. Akikosewa, palikuwa na mtu wa kumsemea.

Swali hilo limo vinywani hadi leo, lakini dunia iliyolizunguka imegeuka. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, ilhali wakaazi wa visiwa hivi, kwa sensa ya 2022, walikuwa 1,889,773. Wengi wa wageni hao walichagua pa kufikia wakiwa makwao, kwa kutazama picha na bei. Walio wengi huelekea palipokwisha pata sifa: Nungwi na Kendwa kwa upande wa kaskazini, Paje kwa upande wa mashariki. Lakini wapo wachache wanaoipa kisogo sifa hiyo kwa makusudi. Hao hutafuta kijiji ambacho vitabu vya wasafiri vimekipita kwa sentensi moja, au havikukitaja kabisa: Charawe, Ukongoroni, Marumbi, Unguja Ukuu, Uzi. Nao huamini, aghalabu kwa nia safi, kwamba kuchagua kijiji kisichojulikana si suala la ladha tu, bali ni tendo jema zaidi kuliko kufuata msafara. Imani hiyo inastahili kupimwa.

Kwanza, haifai kuidharau. Fedha zinazolimbikizana katika fukwe tatu au nne zina haki ya kutembea. Chumba kidogo cha kukodi katika kijiji cha wavuvi kinaweza kumletea mwenye nyumba pato ambalo lisingemfikia kamwe kutoka katika hoteli kubwa, na samaki anunuliwaye ngalawa ingali majini humwachia mvuvi zaidi kuliko yule aliyepita mikono mitatu. Tena mgeni mdogo ana mzigo mdogo. Taasisi ya Tourism Concern ya Uingereza, katika ripoti yake ya 2012 juu ya maji na utalii, ilieleza kwamba katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani kaya moja ilitumia wastani wa lita 93.2 za maji kwa siku. Nyumba za wageni za kawaida zilitumia lita 686 kwa kila chumba, na hoteli za nyota tano lita 3,195 kwa kila chumba. Anayekwepa hoteli kubwa, basi, amepunguza mengi.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Chumba kimoja cha nyumba ya kawaida ya wageni kilikunywa maji ya kaya saba na zaidi. Nungwi ina mabomba, hata kama hayatoshi. Kijiji kidogo kinaweza kuwa na kisima kimoja ambacho maji yake hugeuka ya chumvi yakitekwa kupita kiasi, kwa kuwa kisiwa hiki kimelala juu ya mawe ya matumbawe na bahari haiko mbali na ndoo. Uchache wa wageni si uchache wa mzigo, ikiwa mbebaji naye ni mdogo.

Pili, neno lenyewe "kisichojulikana" linataka kuulizwa: hakijulikani na nani? Unguja Ukuu ilikuwa bandari ya biashara ya Bahari ya Hindi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta ardhini mwake vigae vya vyombo vilivyotoka nchi za mbali. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mahali kama hapo hapangoji kugunduliwa. Kinachoitwa kutojulikana ni kutokuwemo katika daftari la mtu mwingine, na anayekisifu kijiji kwa sababu hiyo amekisifu kwa kitu ambacho kijiji chenyewe hakikijui wala hakikitengeneza.

Tatu, sifa hiyo huliwa na mwenye kuipenda. Wa kwanza kufika humsimulia wa pili, na wa pili huleta kumi. Kizimkazi ni shahidi. Kabla ya miaka ya 1990 wavuvi wa huko waliwaua pomboo na kuwatumia kuwa chambo cha papa. Walipoanza kuja wageni waliotaka kuwaona pomboo wakiwa hai, mnyama huyo akapata thamani nyingine na mauaji yakapungua. Huo ulikuwa mwema mkubwa, na ulitokana na kujulikana. Kisha mashua zikazidi, kila moja ikishindana kuwatia abiria wake majini karibu na kundi, hata pomboo wakakosa utulivu wa kupumzika. Huo nao ulitokana na kujulikana. Ni mkono ule ule uliookoa na uliosumbua, na hakuna msafiri mmoja awezaye kunyooshewa kidole kwamba yeye ndiye aliyevuka mpaka. Kila mmoja alikuwa mmoja tu.

Jambo hili si la pwani peke yake. Katika milima ya Alps, huko Ufaransa, watu huenda kuteleza juu ya theluji wakati wa baridi kama wengine wajavyo hapa kuogelea. Tangu miaka ya 1960 serikali ya nchi hiyo ilihimiza ujenzi wa miji mipya ya watelezaji mahali pa juu sana, kama La Plagne na Les Menuires. Baadaye wakatokea wasafiri waliochoshwa na miji hiyo, wakawa wanatafuta vijiji vidogo vya mawe mabondeni, kwa sababu zile zile zinazomleta mwengine Charawe. Kimojawapo ni Bonneval-sur-Arc. Chini ya meya wake, Gilbert André, kijiji hicho kiliamua kuilinda sura ya nyumba zake za kale na kuzificha nyaya zote zisionekane. Hakikuwafukuza wageni, njia za kuteleza zipo, na wageni huja. Lakini kilitangulia kusema neno lake kabla ya wao kusema lao. Kilicholinda mahali hapo si ladha njema ya mgeni, bali ni kauli ya mwenyeji.

Hapa ndipo uchaguzi wa mgeni unapokutana na adabu ambayo Waswahili hawakuhitaji kuiazima kwa mtu. Mtu hupiga hodi, hungoja, na asipojibiwa mara ya tatu hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Sura ya Nuur imewaamrisha waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini, na wakiambiwa warejee, warejee. Hodi isiyoweza kukataliwa si hodi, ni taarifa. Wavuvi wanaokwenda dago waliijua adabu hiyo kwa njia ya kazi. Mkojani aliyeihama Pemba kwa msimu mzima naye alikuwa na uchaguzi wa kambi. Alitazama upepo, mwamba, kivuli na maji ya kunywa, lakini hayo hayakutosha. Ilimpasa ajulikane kwa wazee wa ufuo, aambiwe pa kupiga kambi na pa kutega, na mitego gani haitakiwi. Aliyepuuza hayo alijikuta katika ugomvi, hata kama samaki walikuwa tele.

Msafiri wa leo hupiga hodi kwa nani? Hodi yake hujibiwa na hoteli, na hoteli imejibiwa na ofisi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa Serikali kwa niaba ya umma. Mwanakijiji anaweza kuwa mwenye mnazi asiwe mwenye ardhi ulipoota. Mwekezaji anapopewa ufuo kwa mkataba, mwenye mnazi hulipwa fidia ya mnazi. Kivuli chake, njia ya kwendea pwani, na mahali pa kuanikia dagaa havina hesabu. Karibu imekwisha semwa, na walioisema hawakai hapo.

Pana pingamizi ambalo haliwezi kupitwa. Kijiji nacho si mtu mmoja. Kijana aliyemaliza skuli na hana kazi anataka wageni waje kesho. Mzee anaogopa uchi njiani na muziki usiku. Mwanamke anayelima mwani, kazi iliyoanza kwa biashara katika Paje na Jambiani mwaka 1989, anataka ufuo uwe wazi wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, kwa kuwa kamba na vigingi vyake haviwezi kuhamishiwa mlimani. Nani kati ya hao ndiye mwenyeji? Na je, karibu inayotamkwa kwa njaa ni karibu?

Juu ya hayo, mwenye kutaka kijiji kibaki kama kilivyo naye ana dhambi yake iliyojificha. Hakuna mtu aliyewajibika kubaki maskini ili awe utulivu wa mtu mwingine. Anayesafiri maili 5,000 kutafuta pasipo na taa, kisha akasikitika kuona nguzo ya umeme imefika, amemwomba mwenyeji wake alipe gharama ya mapumziko ambayo si yake.

Hata hivyo ugumu wa kumjua mwenyeji haumwondolei mgeni wajibu wa kumtafuta. Vijiji vimeonesha kwamba vinaweza kusema kwa pamoja. Kadhaa, Unguja na Pemba, vimekubaliana kuufunga mwamba kwa miezi ili pweza wakue, na katika makubaliano hayo hata mwenye njaa aliahirisha mlo wa leo. Palipo na kauli kama hiyo, ipo pia hodi ya kweli, kwa kuwa yupo wa kuijibu kwa ndiyo au kwa hapana. Basi anayechagua pa kufikia angeuliza kwanza maji ya kisima hutekwa na nani na lini. Kama njia ya pwani ingali ya wote. Mwamba gani umefungwa. Na sheha amejulishwa au la. Mwenye kuuliza hayo anaweza kufikia Nungwi penye makelele akawa mgeni mwema. Asiyeuliza anaweza kufikia kijiji kisichotajwa popote, akalala nyuma ya uzio wa makuti, akaondoka bila ya kufikia kwa mtu yeyote. Sifa ya mahali, kubwa au ndogo, haikuwa ndiyo kipimo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone", husema wahenga. Nao hawakusema ajapo mgeni popote mwenyeji hupona. Kwa vizazi vingi kisiwa cha Uzi kimefikiwa kwa njia iliyopita katikati ya mikoko, ambayo maji yakijaa huifunika. Aliyefika wakati huo alikaa upande wa pili akangoja, awe tajiri au mkata, na kwa kungoja huko alipata wasaa wa kuonwa na walio ng'ambo kabla ya yeye kuwaona. Madaraja yana faida zake, na mgonjwa wa usiku hawezi kuambiwa angoje maji yapwe. Lakini mgeni aliye mzima, na ambaye hakuitwa, hapungukiwi kitu akingoja maji yatoke.