Mkono Uliokataliwa

Mwezi uliopita, katika zahanati ya hapa makazini, mama mmoja alimtoa mtoto wake mwenye homa kwenye foleni kwa sababu muuguzi wa zamu ni wa kabila la waliomchomea nyumba. Wengi tulimwelewa yule mama. Lakini nani alimfikiria muuguzi? Mtu akikataliwa hivyo, bado ana deni la huruma?

Tumkumbuke Augusta Chiwy. Alizaliwa Burundi mwaka 1921, mama yake Mkongomani, baba yake Mbelgiji, daktari wa mifugo. Akiwa mtoto alipelekwa Ubelgiji, na huko akasomea uuguzi. Desemba 1944 alikwenda Bastogne kula Krismasi na baba yake, ndipo Wajerumani wakauzingira mji. Daktari wa jeshi la Marekani, John Prior, alikuwa na majeruhi tele na dawa kidogo mno. Augusta akajitolea.

Alivaa sare ya jeshi, akatoka na daktari kwenye theluji, risasi zikilia, kuokota majeruhi. Hapo kila mtu husema: shujaa. Sawa. Ila sisi tunaona palikuwa na jambo gumu kuliko risasi. Baadhi ya wale askari weupe walikataa kuguswa na mtu mweusi. Daktari akawaambia wachague, mikono yake au kifo. Naye akawafunga vidonda.

Risasi haimjui mtu. Lakini anayevuja damu mbele yako na bado anakudharau, huyo amekutazama usoni. Tukiri, wapendwa, wengine wetu tungeiacha bendeji mezani, kisha tungetafuta mstari wa Biblia wa kututetea.

Mtu atasema alikuwa mnyonge, amezoea dharau. Hapana. Mnyonge hubaki kwa kuwa hana pa kwenda. Augusta alikuwa na ndugu zake mjini humo humo.

Tarehe 24 Desemba bomu likaangukia kituo. Muuguzi mwenzake, Renée Lemaire, akafa pamoja na majeruhi wengi. Mlipuko ulimrusha Augusta. Akainuka, akaendelea na kazi.

Baada ya vita alinyamaza miaka mingi. Ubelgiji na Marekani zilimpa nishani mwaka 2011, akiwa na miaka 90. Alifariki mwaka 2015.

Muuguzi wetu naye hajasema neno. Jumatatu alikuwa zamu tena, na yule mama alikuwa kwenye foleni.