Deni Lisiloisha

Wazee wa upande wa msichana wana hila moja ambayo mgeni huiona kuwa tamaa. Mazungumzo ya ruracio, yaani mahari, yamekwenda vizuri, mbuzi wamehesabiwa, soda zimenywewa, bahasha imepokewa. Kisha mzee mmoja anakohoa na kusema bado kuna jambo dogo. Daima kuna jambo dogo. Kuanzia Maua na Nkubu hadi Runyenjes na Siakago, baba mkwe mwenye busara hakubali kulipwa deni likaisha. Kijana aliyezoea kulipa kwa simu na kuletewa ujumbe papo hapo kwamba malipo yamepokelewa hurudi nyumbani akinung'unika: kwani hawa watu watatosheka lini?

Hawatatosheka, na hiyo ndiyo maana yake. Deni likilipwa lote huwaachilia watu. Kila mmoja hushika njia yake. Deni lililobakizwa kidogo huwapa sababu ya kutembeleana, ya kuulizana hali, ya kuitana pakiwa na msiba. Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss aliandika kwamba zawadi hubeba wajibu wa kurudisha, na kwamba wajibu huo ndio unaowafunga watu. Wazee wa Meru hawakumsubiri. Walipeleka kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba kuomba tu ruhusa ya kuanza kuzungumza, wakapeleka asali, wakapeleka ng'ombe na kondoo, na hakuna aliyeharakisha. Hata Bunge la Kenya lilielekea huko bila kusema hivyo: Sheria ya Ndoa ya 2014 inatosheka na sehemu ya mahari tu kuwa ushahidi wa ndoa ya kimila. Kinachohitajika ni kuanza kulipa, si kumaliza.

Hapo ndipo sifa zangu kwa wazee zinapofikia kikomo. Deni hilo ni la koo mbili, na zaidi ni la wanaume wa koo hizo. Linaeleza vizuri kwa nini ndoa nyingi za zamani zilidumu: kuivunja kulimaanisha kurudisha mifugo ambayo pengine ilikwisha kumwoza kaka wa mke. Halielezi kabisa kama waliomo ndani walikuwa na furaha. Tunapowasifu mabibi na mababu kwa kukaa pamoja miaka 50, tunasifu mambo mawili kwa pumzi moja, na moja kati ya hayo hatukuwahi kuwauliza. Kufuli iliyoshika kutu nayo haifunguki.

Kwa hiyo tuingie ndani ya nyumba, na huku kwetu njia fupi ya kuingia ni kahawa. Msimu wa mavuno mke anatoka alfajiri, anachuma, anabeba mgongoni hadi kiwandani, anamwaga kwenye turubai na kuketi kuchambua: nyekundu huku, mbichi kule, iliyokauka kando. Anapanga foleni ya mizani. Karani anaandika kilo kwenye stakabadhi, na jina lililo juu ya stakabadhi ni la mume, kwa sababu yeye ndiye mwanachama wa ushirika na shamba ni la babake. Miezi baadaye pesa zinaingia kwenye akaunti yake. Mke anaweza kuzisikia sokoni kabla hajazisikia nyumbani. “Baba watoto, wanasema kahawa imelipa?” “Nani amekwambia?” Katika maneno hayo mawili ndoa imekwisha kueleza hali yake. Kwenye chai ni vivyo hivyo, na kila bonasi ikitoka kuna mizaha kuhusu wanaume waliopotelea mjini, mizaha ambayo sijawahi kumwona mwanamke mchuma chai akiicheka.

Hekima ya kawaida hapa husema: katika ndoa usihesabu. Nimeisikia harusini, nimeisikia kanisani, na karibu kila mara msemaji alikuwa mtu ambaye hesabu ikipigwa ataonekana anadaiwa. Kutohesabu ni wema kwa yule tu anayeijua hesabu na kuamua kuiweka kando. Kwa asiyeruhusiwa kuiona, ni kunyamazishwa.

Ndoa inapokufa, hesabu hupigwa kwa lazima, na inachekesha kwa uchungu. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inatambua kwamba mchango si fedha peke yake: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shamba, hata kule kuwa mwenzi wa mtu. Ni sheria nzuri. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Sasa mwambie mama wa Manyatta au Mikinduri athibitishe mbele ya jaji usiku aliokesha na mume mwenye homa. Ataleta stakabadhi ipi? Ile ya kahawa ina jina la mwenzake.

Naamini furaha ya ndoa iko hapa: kila mmoja anaijua hesabu yote, na kila mmoja, akiitazama kwa haki, anajiona yeye ndiye mdaiwa. Si lazima wawe sahihi. Wakiwa wote wawili wanajiona wadai, hata mali ya kutosha haitawatosha. Na deni la namna hiyo, tofauti na la wakwe, halirithiwi wala halibebwi na ukoo. Huzaliwa upya kila siku au halizaliwi.

Kuna desturi inayoonyesha vizuri pengo kati ya madeni haya mawili. Mwanamume hawezi kupokea ruracio ya binti yake kama hakumlipia mama wa binti huyo. Ndiyo sababu unaweza kumwona mzee mwenye mvi, ameishi na mkewe miaka 30, akipakia mbuzi kwenye pikapu kuelekea kwa wakwe, huku mchumba wa bintiye akisubiri zamu yake. Watu hucheka, wake hupiga vigelegele, na ni siku njema kweli. Baba mkwe pengine alikwisha kufariki; mashemeji ndio wanaopokea. Mke mwenyewe, aliyebeba kahawa miaka yote hiyo, hayumo katika orodha ya wanaodai. Pikapu ikirudi tupu, ofisi ya ushirika bado iko wazi, na kubadilisha akaunti iwe ya majina mawili hakuhitaji mshenga.