Mgao wa Mzee Anayekaa Mlangoni

Nawasalimu ninyi nyote hapa Mantapala, pamoja na wenzetu walioko Kashikishi na Nchelenge kwa matibabu au kwa biashara ndogondogo. Leo sitaki kuwafundisha kama mtu aliyesimama juu. Nataka kuwaeleza jambo ambalo mimi mwenyewe nilikosea, kisha tuulizane swali moja: mtu aliyemaliza kazi yake ya maisha, siku zake zina thamani gani mbele ya Mungu na mbele yetu?

Kuna mzee mmoja katika kanisa letu. Ameniruhusu nimwandike, lakini ameniomba nisitaje jina lake, kwa hiyo nitamwita Baba Mwalimu, kama watoto wanavyomwita. Alifundisha shule ya msingi upande wa Pweto kwa zaidi ya miaka 30. Desemba 2000, vita vilipofika Pweto, alivuka mpaka na familia yake akaishi kambi ya Kala, kule Kawambwa. Baadaye alirudi nyumbani, akashika chaki tena mpaka nguvu zikamwishia. Malipo ya uzeeni aliyoahidiwa hajawahi kuyaona kwa macho. Mwaka 2017 akakimbia mara ya pili. Alipitia Kenani kama wengi wetu, na makazi haya yalipofunguliwa Januari 2018 akaletwa hapa. Sasa ana miaka 76, anaishi na mjukuu wake wa kike.

Siku yake ni hivi. Anaamka kabla ya jogoo, anafagia uwanja wakati mjukuu amekwenda kuchota maji. Anakunywa uji. Halafu anatoa kiti chake, kile alichokifunga kwa mpira wa baiskeli, anakiweka mlangoni kuelekea njia. Watoto wa shule wanapita, naye anawasalimu mmoja mmoja kwa jina. Jua likipanda anakwenda polepole na fimbo yake mpaka kwenye pampu. Hachoti kitu, anakwenda kusikiliza habari. Mchana anakula bukari na sombe, analala kidogo. Jioni, kabla ya giza, anaandika katika daftari.

Siku moja nilimwomba anionyeshe daftari hilo. Nilidhani nitakuta historia ya vita, au mafundisho ya imani. Nikakuta hivi: “Jumanne. Upepo toka ziwani. Kuku wa jirani ametaga ndani ya kikapu changu, nimerudisha yai.” Na tena: “Alhamisi. Mvua kidogo. Mtoto wa fundi ameota jino.” Kurasa nyingi ni za namna hiyo. Nilicheka moyoni. Nilisema, huyu baba siku zinampita bure.

Karibu kila mwezi anakwenda Kashikishi kupimwa hospitalini. Safari moja tulikwenda pamoja, nikamwacha huko nikaenda bomani kwa shughuli za kanisa. Niliporudi nilimkuta bandarini, pale zinapoondoka boti za kwenda visiwa vya Chisenga na Kilwa. Alikuwa anatembea kati ya akina mama walioanika chisense juu ya mchanga, anauliza bei kwa kila mmoja, wala hanunui. Nikamwambia, “Baba Mwalimu, mbona unauliza bei ya samaki usionunua?” Akanijibu, “Pasta, anayeuza anafurahi kuulizwa. Na nikifika nyumbani, akina mama wataniuliza mimi.” Aliandika bei zile katika karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni kama barua ya serikali.

Tukaendelea na mambo yetu. Msimu ule shamba la kanisa lilitupa magunia 9 ya mahindi. Kamati yetu iliamua mahindi yagawiwe kwa hesabu ya siku ambazo kila nyumba ililima. Ilionekana haki kabisa, na mimi niliikubali. Tena ni mimi niliyeandika juu ya orodha, kwa mkono wangu: 2 Wathesalonike 3:10. Ninyi mnalijua neno hilo la Paulo juu ya kazi na chakula. Mbele ya jina la Baba Mwalimu tuliandika sifuri. Mjukuu wake alikuwa shuleni siku za kulima, na mzee mwenyewe hawezi jembe. Hakupewa kitu. Aliisoma orodha, akaisoma na aya, akasema, “Asante, Pasta,” akarudi kwenye kiti chake.

Wiki ile ile lilitokea jambo. Baba Mwalimu aliona kwamba msichana mmoja mdogo hakupita njiani siku 2. Sisi wengine hatukuona, maana watoto ni wengi. Yeye alishika fimbo yake akaenda mpaka nyumbani kwao, mbali kwa miguu yake. Alimkuta mama amelala na homa kali ya malaria, hawezi kusimama, na mtoto anamlinda peke yake. Mzee akapiga kelele majirani wakaja, mama akapelekwa kliniki. Leo anaimba kwaya nasi.

Nilipolisikia hilo, aibu ilinishika. Nikaita kamati, nikawaambia, “Ndugu, tulikosea. Mzee huyu anafanya kazi, ila hatukuihesabu.” Shemasi mmoja kijana akasema, bila ubaya, “Basi tumwandikie siku 1 kwa ajili ya yule mtoto.” Wengine wakaanza kupiga hesabu: siku 1 au 2? Hapo mama mmoja, ambaye huwa hasemi kitu katika vikao, akauliza, “Na mama yangu ambaye hamtambui mtu tena, hata mimi hanijui, yeye tutamwandikia siku ngapi?”

Kikao kikanyamaza. Swali hilo limenikosesha usingizi. Kwa maana nilikuwa nimemtetea Baba Mwalimu kwa kipimo kile kile kilichomhukumu. Nilisema anastahili kwa sababu anafaa. Je, asingemwona mtoto yule? Je, mwakani akipoteza kumbukumbu? Mgao wake utarudi sifuri?

Wapendwa, tuliangalie jambo hili katika Neno, kwa hatua tatu.

Kwanza, aya niliyoiandika niliitumia vibaya. Paulo hasemi juu ya mtu asiyeweza. Anasema juu ya asiyetaka, mtu mwenye mikono mizima anayezunguka nyumba za watu na maneno. Tukimtia mzee katika kapu moja na mvivu, tunamsingizia Paulo. Kijana anayelala mpaka saa tano huku jembe lake liko mlangoni, aya hiyo ni yake, aisome.

Pili, kustaafu si kitu cha wazungu tu. Ni kweli sheria za malipo ya uzeeni ni za karibuni. Ujerumani ilitunga yake mwaka 1889, ikaanza kwa watu wa miaka 70, halafu mwaka 1916 ikashusha mpaka 65. Hapa Zambia, tangu 2015 umri wa kawaida wa kustaafu ni miaka 60. Lakini someni Hesabu 8:23-26. Mungu aliwaambia Walawi waanze utumishi wa hema wakiwa na miaka 25, na wakifika 50 waache kazi ile nzito. Hawakufukuzwa. Walibaki pamoja na ndugu zao, wakisaidia kulinda. Basi kuna wakati wa kubeba na kuna wakati wa kuangalia, na vyote viwili viko ndani ya hema moja. Mwenyewe Baba Mwalimu aliniambia hivi juu ya ziwa letu Mweru: “Kila mwaka toka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari serikali inafunga uvuvi. Nani anasema ziwa ni vivu miezi ile? Samaki wanazaa.”

Tatu, na hili ndilo kubwa, mgao si mshahara. Fungueni 1 Samweli 30. Daudi na watu wake wanarudi Siklagi, wanakuta mji umechomwa na wake na watoto wamechukuliwa na Waamaleki. Walikuwa watu kama sisi, wasio na nyumba. Wanaume 600 walianza kuwafuatia, lakini 200 walichoka mno wasiweze kuvuka kijito cha Besori, wakabaki na vyombo. Wale 400 waliporudi na kila kitu, baadhi yao walisema wale waliobaki wasipewe nyara, wapewe tu wake zao na watoto wao waende. Daudi alikataa. Hakusema kwamba kulinda vyombo ni kazi ngumu sawa na vita. Sababu yake ya kwanza ni nyingine: alisema vitu hivi ni Bwana aliyetupa. Kisha akaamuru anayekwenda vitani na anayekaa na vyombo wagawane sawasawa, na ikawa sheria katika Israeli.

Sasa nijiulize mimi, nawe ujiulize. Kiwanja unachoishi hapa Mantapala ulikilipia kwa siku ngapi za kazi? Ulipovuka usiku na mtoto mgongoni, nani alikuuliza umelima mara ngapi kabla ya kukupokea? Wenyeji wa Luapula walitupokea tukiwa na sifuri mbele ya majina yetu. Tulipewa kwa sababu tulikuwa watu na tulikuwa tumefika. Itakuwaje sisi, tuliopokelewa hivyo, tuwapime wazee wetu kwa kipimo ambacho kama tungepimwa nacho tungelala porini?

Najua pingamizi, nami silidharau. Mashemasi wawili wamelisema mbele yangu, nao ni watu wema: magunia ni machache, anayelima ana watoto 6, na jasho lake lina haki. Ni kweli. Njaa haidanganyi. Ndiyo maana hatukufuta orodha ya siku. Tulipatana hivi: msimu huu tutatenga kwanza sehemu ya wale ambao nguvu zao zimekwisha, wazee na wagonjwa wa kudumu, kisha kilichobaki tutagawa kwa siku za jembe. Sehemu hiyo ya kwanza haitaandikiwa sababu. Na kwa mwaka uliopita, sisi wa kamati tulichanga kutoka katika migao yetu tukawapelekea wazee. Wale mashemasi wawili hawajakubali mpango huu mpaka leo, lakini walichanga, tena walichanga vizuri. Tuwaombee, nao watuombee sisi.

Nanyi wazee wetu, nina neno kwenu pia. Wengi mnaniambia, “Pasta, mimi sasa ni mzigo tu.” Msiseme hivyo mbele ya wajukuu. Nabii Zekaria alisema na watu waliokuwa wamerudi toka uhamishoni, mji wao bado magofu. Alipotaka kuwaonyesha amani ya Mungu inafananaje, katika 8:4-5 hakuanza na askari wala wajenzi. Alionyesha wazee wa kiume na wa kike wameketi katika njia za Yerusalemu, kila mtu na fimbo yake kwa ajili ya wingi wa siku zake, na watoto wanacheza hapo hapo. Ndiyo ishara kwamba vita vimekwisha: mzee ameketi, mtoto anacheza, hakuna anayekimbia. Kwa hiyo unapotoa kiti chako asubuhi na kukiweka mlangoni, unatuonyesha kipande cha unabii ule, hata kama siku hiyo hukufanya kitu kingine chochote.

Nimalizie na daftari. Jumamosi ile nilikwenda mimi mwenyewe kumpelekea Baba Mwalimu mahindi yake, ndoo 2. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya ile aya. Akasema, “Nilikuwa mwalimu, Pasta. Makosa ya kusoma nimeyaona mengi.” Tukacheka. Akaniletea kiti cha mjukuu, tukakaa tukiangalia njia, hatukuzungumza mambo makubwa.

Wiki iliyofuata alinionyesha alichoandika siku ile. Nilitazamia kuona habari za kamati na haki na msamaha. Aliandika: “Jumamosi. Jua kali. Mahindi ndoo 2. Pasta amekuja, amekaa mpaka mbuzi wakarudi.”

Ndugu zangu, wiki hii kila nyumba ichague mlango mmoja wa mzee, ikakae hapo kidogo, bila haraka. Bwana awabariki na kuwalinda.

Ni mimi, mtumishi wenu katika Kristo.