Mti Ulioanguka Chini ya Kikombe



Katika ofisi ya kanisa letu kipo kipande cha kioo cha mraba, ukubwa wa kiganja. Ni cha kuwekea kikombe cha chai ili meza isiharibike kwa moto. Mgeni kutoka Marekani alituachia kama zawadi. Kimechapwa picha ya zamani: mti mnene kama nyumba, umekatwa ubavuni, na wanaume wawili wamesimama juu ya mbao zilizochomekwa kwenye shina, msumeno mrefu mikononi.

Siku moja, baada ya kikao cha akina mama, mama mmoja alikataa kuweka kikombe chake hapo. Alisema, "Mti wao ulioanguka ni pambo, lakini sisi tukikata tawi tunaitwa waharibifu." Wengine walicheka. Lakini neno lake tulikwenda nalo nyumbani, nasi tunauliza: je, ni haki kufanya pambo la mti unaoanguka?

Kwanza tuwatendee haki wale wanaume. Picha za namna hii zilipigwa sana katika jimbo la Washington. Darius Kinsey alizipiga kwa karibu miaka 50, hadi mwaka 1940, na mke wake Tabitha alizisafisha nyumbani. Wakata miti wenyewe walizinunua. Wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Uswidi, Norwe na Ufini, watu walio mbali na kwao kama sisi. Kujivunia kazi ngumu ya mikono si dhambi.

Lakini picha haionyeshi siku iliyofuata. Visiki havimo. Kusini zaidi, katika pwani ya Kalifonia, miti ya redwood ndiyo mirefu kuliko yote duniani, na ya misitu yake ya kale imebaki takriban sehemu 5 tu kwa 100.

Nasi tusijifanye watakatifu. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipofika Goma, walikata kuni katika hifadhi ya Virunga, na mwaka huohuo hifadhi hiyo iliandikwa miongoni mwa urithi wa dunia ulio hatarini. Hawakukata kwa ubaya. Maharage hayaivi kwa maombi peke yake. Hapa kwetu Kigoma pia, mama zetu na binti zetu wanafuata kuni mbali, kwa hofu, na wenyeji wanahesabu visiki tunavyoacha.

Katika Kumbukumbu la Torati 20:19, hata jeshi linalozingira mji linakatazwa kukata miti ya matunda. Basi hata wakati wa shida kuna mpaka. Tunaona hivi: haja yaweza kuhalalisha kukata, lakini haihalalishi kusahau. Kosa la pambo ni kwamba limeacha uzuri wa picha na kuondoa gharama yake.

Hata sisi hupigwa picha, mzigo wa kuni kichwani. Pengine picha hizo zimepamba meza za watu tusiowajua. Tungependa anayetutazama ajue nini? Ajue kwamba mzigo ule ulikuwa mzito, na njia ilikuwa ndefu. Tunalotaka kutendewa, tuwatendee wengine: wale wanaume, mti wao, na jirani zetu ambao msitu wao tunaukata.

Kwa hiyo kioo kibaki mezani. Lakini kabla ya kuweka kikombe, tujiulize chai hii imechemshwa kwa kuni za nani. Tuloweke maharage tangu usiku, tufunike sufuria, tutumie majiko ya udongo badala ya mafiga matatu. Na anayepewa mche aupande na kuumwagilia, hata kama anatumaini kurudi kwao kabla haujatoa kivuli. Atakayekaa chini yake ni mtoto wa aliyetupokea.

Mungu awabariki.